Shajara ya mradi: kumtafutia BRD4 mshenga, kwa laptop moja Mwanza

Januari 5, 2025: kwa nini naanza

Mimi ni mfamasia wa hospitali. Kila wiki napima siklofosfamidi na vinkristini za watoto wenye limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Wapo wanaopona wakarudi shule. Wale ambao uvimbe unawarudia ndio walionifanya niwashe laptop usiku huu.

Kiini cha ugonjwa huu kinajulikana. Kipande cha kromosomu 8 kinahamia mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu 14, na jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike, inajikuta chini ya swichi isiyozimika. Protini ya MYC yenyewe ni ngumu kuidhibiti kwa dawa kwa sababu haina shimo ambalo molekuli ndogo inaweza kujichomeka. Kwa hiyo watafiti walimgeukia jirani yake, BRD4, protini inayosaidia MYC isomwe. Kizuizi cha BRD4 kiitwacho JQ1 kilichapishwa mwaka 2010. Shida ya kizuizi ni kwamba lazima kikalie shimo muda wote. Kikiondoka, BRD4 inaendelea na kazi kama kawaida.

Njia nyingine ni kuiondoa BRD4 kabisa. Seli ina utaratibu wake wa taka: protini inayotakiwa kuondoka hubandikwa ubikuitini, kiprotini cha amino asidi 76, kisha hupelekwa kwenye proteasomu ikakatwakatwa. Wanaobandika huitwa ligasi. Mwaka 2001 kundi la Crews na Deshaies lilionyesha kwamba molekuli yenye vichwa viwili inaweza kushika protini kwa upande mmoja na ligasi kwa upande wa pili, na ligasi ikaibandika protini ambayo kwa kawaida haiigusi.

Sijapata neno zuri zaidi kwa molekuli hii kuliko mshenga. Anaingia nyumba mbili zisizojuana, anazikutanisha, mambo yakikamilika anaondoka kwenda kazi nyingine. Mshenga mmoja anaweza kuozesha nyumba nyingi, ndiyo maana dozi ndogo inaweza kutosha.

Mshenga ninayeanza naye ni MZ1, aliyechapishwa mwaka 2015 na kundi la Alessio Ciulli huko Dundee, Scotland. Kichwa kimoja ni JQ1, kinashika BRD4. Kichwa cha pili kinashika ligasi ya VHL. Katikati kuna kamba ya vipande vitatu vya polietilini glaikoli. Mwaka 2017 walichapisha picha ya fuwele ya wote watatu wakiwa wameshikana, na faili lake, 5T35, liko wazi kwa yeyote. Lengo langu ni kulijenga upya umbo hilo kwa kompyuta bila kuchungulia jibu. Nikifaulu nibadilishe kamba, nione kama naweza kupendekeza mshenga mwingine. Hakuna dawa ya mgonjwa itakayotoka hapa. Naandika ili mwenye laptop kama yangu asirudie makosa yangu.

Januari 18: vifaa

Laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 16, TSh 950,000. Programu zote ni za bure: RDKit kwa kuchora na kukunja molekuli, AutoDock Vina kwa kupachika molekuli kwenye mashimo ya protini, ChimeraX kwa kutazama. Kuziweka kulinichukua jioni mbili. Faili la 5T35 lina nakala mbili za kundi zima, na kwa kuwa sikulisoma vizuri nilianza na zote mbili. Chukua minyororo ya protini A hadi D, uache E hadi H, kazi inapungua nusu.

Jambo moja la kuangalia: ukimtoa MZ1 kwenye faili la fuwele, RDKit haijui wapi pana bondi moja na wapi pana mbili. Mpe mchoro sahihi wa molekuli kama kiolezo, ndipo akubali.

Februari 9: alama nzuri zisizo na maana

Nilifanya ambalo nadhani kila anayeanza hulifanya. Nilichukua VHL na BRD4 zikiwa zimesogezwa mbali kidogo, nikamtupa MZ1 katikati, nikaiambia Vina itafute mkao bora. Ikanipa alama za kupendeza, yaani makadirio ya jinsi molekuli inavyoshika protini. Nikarefusha kamba, alama zikapanda. Nikarefusha tena, zikapanda tena. Kwa siku nne niliamini nimempita MZ1.

Nilipofungua picha nikaona kamba imejikunja kama uzi uliodondoka na kuambaa juu ya uso wa VHL, kila atomu ikijipatia alama kwa kugusa chochote. Kichwa cha JQ1 hakikuwa hata ndani ya shimo lake. Vina imetengenezwa kwa molekuli ndogo. MZ1 ana uzito wa takriban 1,002.6, mara mbili ya kile kikomo cha 500 cha dawa za kumeza tulichokariri chuoni, na ana bondi zinazozunguka zipatazo 20. Njia za kumkunja ni nyingi mno kuliko programu inavyoweza kuzipitia kwenye mashine yangu, na alama zake huelekea kupanda kadiri molekuli inavyokuwa kubwa.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa la fikra. Nilikuwa namtazama mshenga peke yake, nikisahau kwamba kazi hii inaamuliwa na zile nyumba mbili. Vichwa vyote viwili tayari tunajua vinashika wapi: JQ1 kwenye shimo la BRD4 karibu na asparajini 433 (amino asidi ya 433 kwenye mnyororo wake), na kichwa cha pili kwenye shimo ambamo VHL humpokea HIF, protini anayoibandika kwa kawaida. Havihitaji kutafutwa upya. Kinachotafutwa ni jinsi protini mbili zinavyoweza kukaa ubavu kwa ubavu bila kugongana, huku umbali kati ya vichwa ukiruhusu kamba kupita.

Matokeo yote ya wiki tatu nimeyafuta. Mpango mpya: vichwa vibaki vilivyo, protini ndizo zizungushwe.

Machi 2

Umeme ulikatika saa nane usiku, kazi ya saa 31 ikapotea yote. Nimenunua UPS ya mtumba, TSh 280,000, na programu sasa inaandika matokeo kila baada ya mikao 200. Hili la pili lilikuwa la bure na ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Machi 23: haidroksili iliyogeuka

Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na nataka niieleze polepole.

Kichwa kinachoshika VHL kimejengwa juu ya haidroksiprolini, yaani amino asidi ya prolini iliyowekewa haidroksili (OH). Sababu ni ya kibiolojia: seli ikiwa na oksijeni ya kutosha, protini ya HIF huwekewa haidroksili kwenye prolini zake, na VHL huitambua kwa alama hiyo hiyo ili aibandike ubikuitini. Mshenga anaigiza alama hiyo. Haidroksili yake inaingia ndani kabisa, inashikana na serini 111 na histidini 115. Bila mguso huo VHL hamjui.

Tangu Februari nilikuwa nachora molekuli mpya kwa kuandika mstari wa herufi, SMILES. Kila moja niliyoikunja ilikataa kukaa vizuri kwenye shimo la VHL. Ilikuwa karibu, lakini kona moja daima ilikuwa nje. Nililaumu namna ya kukunja, nikalaumu hidrojeni, nikaongeza idadi ya mikunjo kutoka 500 hadi 5,000. Mwishowe nikapiga picha ya skrini nikamtumia mwalimu wangu wa zamani wa kemia, mzee aliyestaafu anayeishi Bukoba. Akanijibu kwa mstari mmoja: “Mwanangu, hiyo haidroksili inamtazama nani?”

Ilikuwa inatazama nje, kwenye maji.

Nilichofanya ni hiki. Nilikata kipande cha VHL kutoka kwenye mchoro wa MZ1, nikakiandika kuanzia mwisho kwenda mwanzo ili nikiunge na kamba kwa urahisi, na alama za @ nikaziacha kama zilivyokuwa. Katika SMILES alama hiyo inategemea mpangilio wa majirani jinsi walivyoandikwa. Ukigeuza mwelekeo bila kugeuza alama, kaboni inageuka upande. Kaboni ya 4 iliyopaswa kuwa R ikawa S, kama mkono wa kulia uliogeuka wa kushoto. Molekuli 14, wiki tatu, zote zina haidroksili upande usio wake.

Wakemia wa maabara wanaijua sana molekuli hii iliyogeuka. Huitengeneza kwa makusudi na kuiita cis-MZ1: inashika BRD4 vilevile lakini VHL hamtambui, kwa hiyo hutumika kama kipimo cha kulinganishia. BRD4 ikipungua kwa MZ1 na isipungue kwa cis-MZ1, unajua kweli ni VHL aliyefanya kazi.

Dawa yake ni ndogo. Kabla molekuli yoyote haijaingia kwenye foleni, programu inasoma kaboni zote zenye mkono na kukataa ikiwa haidroksiprolini si 2S,4R, au JQ1 si S. Mistari tisa ya msimbo wa programu. Ukiiga chochote kwenye shajara hii, iga hiki.

Nilimpigia mwalimu kumshukuru. Akaniuliza kama nimekula.

Aprili 27: nyumba mbili, na majirani zao

Sasa kazi yenyewe. VHL nimemwacha palepale, BRD4 nikamzungusha kumzunguka kwa mikao 20,000. Kila mkao unapimwa kwanza kwa umbali: kamba ya MZ1 ikinyooshwa kabisa haivuki takriban angstromu 14 (angstromu ni sehemu ya milioni kumi ya milimita), kwa hiyo mkao wowote ambao ncha mbili zimeachana zaidi ya hapo unatupwa. Kisha unapimwa kwa kugongana, halafu kwa ukubwa wa eneo wanalogusana.

Mkao wa kwanza kwenye orodha ulikuwa mzuri mno, na ulikuwa uongo. Ili kuokoa RAM nilikuwa nimewafuta Elongini B na Elongini C, protini mbili zinazoambatana na VHL. Nilipowarudisha, BRD4 alikuwa ameketi ndani ya Elongini C. VHL hafanyi kazi peke yake: Elongini humuunganisha na Kalini 2, protini nyingine ya mtambo huo, na huko ndiko anakotoka mwenye kubeba ubikuitini. Mshenga anayemleta BRD4 mahali pa jirani hana kitu. Rudisha kundi zima hata kama kompyuta itaenda kwa kusuasua.

Baada ya hapo, mkao wa tatu kwenye orodha ulikuwa na tofauti ya angstromu 2.4 tu na fuwele. Nilisimama nikatembea chumbani. Arginini 107 na 108 za VHL zilikuwa zinatazamana na aspartati 381 na glutamati 383 za BRD4, chaji chanya kwa hasi, kama meno ya zipu. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye fuwele. Protini hizi zikishikwa na MZ1 hushikana pia zenyewe kwa zenyewe, na hiyo ndiyo inayompa nguvu isiyotokana na vichwa peke yake. Na kamba haikunyooka. Imekunjamana, ncha zake ziko karibu kuliko nilivyodhani. Mwaka 2020 kundi lile lile la Dundee lilitumia ukaribu huo kumfunga MZ1 kuwa duara.

Ila lazima niseme ukweli wa jaribio hili. Protini zote mbili nilizitoa kwenye fuwele lenyewe, zikiwa tayari zimekaa kwa ajili ya kukutana. Ni mtihani ambao majibu yamechapwa nyuma ya karatasi. Nilirudia kwa miundo iliyopigwa picha kila protini ikiwa peke yake, na mkao sahihi ukashuka hadi nafasi ya 43. Nikajaribu pia VHL na SMARCA2, protini nyingine inayolengwa na washenga, ambayo fuwele zake zilichapishwa 2019: mkao sahihi haukutokea kabisa kwenye 200 za kwanza. Njia hii inamjua BRD4. Hadi leo sina haki ya kusema inajua kitu kingine.

Juni 15: kamba

Nimechora kamba 62 na kuzipitisha kwenye mikao kumi ya kwanza. Mara ya kwanza nilitumia mkao mmoja tu, ule wa fuwele, na karibu zote zikafeli. Protini zinatikisika, kumi ni uungwana zaidi.

Aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa na kamba fupi ngumu yenye pete ya piperazini. Nilimtazama kwa furaha hadi nilipokagua pembe za amaidi, yaani viungo vya kaboni na nitrojeni visivyopenda kuzunguka. Moja ilikuwa imegeuzwa cis ili kamba itoshe. Amaidi ya namna hii haikai hivyo kwa hiari, nishati yake ni kubwa. Nimeweka chujio la pembe, na kutoka 62 zimebaki 9. Kati ya hizo nimechagua 3: moja fupi kwa kipande kimoja kuliko ya MZ1, moja yenye kaboni tupu katikati, na moja ya piperazini iliyohamishiwa upande wa JQ1. Ya kaboni tupu inanitia wasiwasi, molekuli kubwa hivi isipoyeyuka haitafika popote.

Wiki mbili zilizopita yalitoka matokeo ya VERITAC-2, jaribio kwa wagonjwa: vepdegestranti, mshenga anayeivunja risepta ya estrojeni, aliwasaidia wagonjwa wa saratani ya matiti wenye badiliko la ESR1 (jeni ya risepta hiyo) kuliko sindano ya fulvestranti, ingawa kwa wagonjwa wote kwa pamoja tofauti haikutosha. Yeye anatumia ligasi nyingine, sereblon, ile ile inayoshikwa na thalidomaidi. Nimeyasoma mara tatu. Wazo la 2001 limefika mdomoni mwa mgonjwa, kama kidonge.

Agosti 24: seli

Niliyesoma naye chuo, sasa anasomea udaktari wa falsafa Ujerumani, aliniambia maabara yao inakuza seli za Daudi, na msimamizi wake amekubali tufanye jaribio dogo tukinunua kemikali wenyewe. Seli za Daudi zilitokana na uvimbe wa Burkitt wa kijana wa Kiafrika wa miaka 16, mwaka 1967. Jina la Kiswahili kwenye jokofu za dunia nzima. Iliniingia moyoni kuliko nilivyotegemea.

Molekuli zangu tatu hazikuwa kwenye jaribio hili, sababu iko chini. Tulinunua MZ1 na cis-MZ1, dola 310 pamoja na usafiri. Kundi la Crews lilishaonyesha mwaka 2015, kwa ARV-825, mshenga mwingine wa BRD4, kwamba kuivunja BRD4 kwenye seli za Burkitt kunaishusha MYC kuliko JQ1 inavyoishusha. Sikutafuta jipya. Nilitaka kujua kama nikimpata mshenga wangu, nitajua kumpima.

Sikujua. Nilipanga dozi tatu: mikromola 1, 10 na 30, kwa mazoea ya mfamasia kwamba dawa ikizidi kazi inazidi. Ukanda wa BRD4 kwenye bloti, kipimo kinachoonyesha kiasi cha protini kama mstari, ulipungua kwenye 1, ukaanza kurudi kwenye 10, na kwenye 30 ulikuwa umerudi kwa kiasi kikubwa. Nilidhani sampuli zimebadilishana. Jibu la mwenzangu wa Ujerumani: “Dada, umeleta washenga wengi kuliko nyumba. Kila BRD4 ana wake, kila VHL ana wake, hakuna anayekutana na mwenzake.”

Nilikuwa nimeandika mfano wa mshenga kwa mkono wangu mwezi Januari, na bado sikuliona hili.

Tulirudia kuanzia nanomola 1, dozi saba, saa 4 na saa 24. Sasa picha ikasomeka: ukanda unafifia kuanzia dozi za chini, unakaribia kutoweka katikati, unarudi juu. Kwa cis-MZ1 ulibaki palepale. Tuliongeza pia kisima (kishimo kimoja cha sahani ya seli) chenye pevonedistati, inayozima mtambo wa Kalini, na BRD4 ikabaki hata MZ1 akiwepo. Usiache kisima hicho. Bila hicho huwezi kutofautisha protini iliyovunjwa na seli inayokufa tu.

Oktoba 12: tulipo

Bei niliyoletewa ya kutengeneza molekuli moja kati ya zangu tatu, miligramu 10, ni dola 6,800. Sina. Mpaka sasa nimetumia TSh 1,230,000 kwa vifaa, bando la intaneti TSh 35,000 kila mwezi kwa miezi tisa, na zile dola 310. Usiku sikuuhesabu.

Mwalimu wa Bukoba ameangalia michoro. Ya kaboni tupu ameifuta kwa kalamu nyekundu. Ile fupi kwa kipande kimoja anasema inaweza kuunganishwa kwa hatua mbili za amaidi kutoka kwenye vipande vinavyouzwa tayari, JQ1 yenye asidi na kichwa cha VHL chenye amini, na kwamba maabara ya chuo yenye HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima usafi wa kemikali) inayofanya kazi inaweza kuijaribu. Nimeandikia vyuo viwili. Kimoja kimejibu kikiomba usafi wa vitendanishi na mpango wa taka, nimeutuma jana.

Msimbo wa kukagua kaboni zenye mkono, chujio la amaidi na orodha ya mikao 200 ya BRD4 nimeziweka pamoja na faili za cis zilizoharibika za Machi, kila moja ikiwa na jina lake. Kinachoendelea kwenye laptop usiku huu ni SMARCA2 kwa mara ya tatu, safari hii minyororo ya pembeni ya VHL ikiruhusiwa kucheza. Imefika mkao wa 6,400.